Gitaa Kuukuu Thamani Yake Ukweli

UKIONA vyaelea vimeundwa, walinena wahenga. Anayestarehe ukumbini akisikiliza gitaa la umeme likiitikiana na udi na fidla katika taarabu, ni nadra kufikiri kwamba ubao ule wenye nyuzi sita waweza kuuzwa kwa bei ya nyumba, au kumfilisi mnunuzi asiyejua anunuacho.

Chukua mfano wa Stratocaster. Aliyeiunda, Leo Fender wa California, alikuwa fundi wa redio, na hata kupiga gitaa hakujua. Ilipotoka mwaka 1954 bei yake ilikuwa dola 249 na senti 50. Mwaka 1965 kampuni yake iliuzwa kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Baadaye wanamuziki wengi walinung'unika kwamba ufundi umelegea, na siku hizi gitaa lililoundwa kabla ya mauzo hayo hugharimu maelfu mengi ya dola.

Lakini umri pekee hautoshi. Kinachotafutwa ni gitaa lililobaki kama lilivyotoka kiwandani: rangi ile ile, sumaku zile zile za kunasa sauti, hata lehemu ya nyaya isiyoguswa. Mwenyewe akilipaka rangi mpya, akidhani amelipamba, huenda amelipunguzia nusu ya bei.

Hapo ndipo penye mtihani. Wako waungao shingo ya gitaa la zamani na mwili wa jipya, au wakalikwaruza kusudi lionekane limezeeka. Dini yetu imekwisha kutuonyesha njia: muuzaji ajuaye aibu ya bidhaa hana ruhusa ya kuificha, liwe gunia la nafaka au gitaa. Mnunuzi naye aende na fundi mwenye bisibisi, aifungue shingo, atazame tarehe iliyoandikwa kwenye kisigino chake, kisha ailinganishe na namba ya gitaa.

Amplifaya nayo yataka hadhari zaidi. Iliyoundwa kwa soko la Marekani hutaka volti 110 hadi 120, na umeme wetu wa Kenya ni volti 240. Ukiichomeka ukutani hivi hivi bila ya transfoma ya kupunguza, utanusa moshi kabla hujasikia muziki. Tena zile kuukuu zenye valvu za kioo huweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Usitie mkono ndani, mwachie fundi. Kubadilisha valvu zilizochoka si hasara, maadamu muuzaji amesema.

Je, kilichobadilishwa hakina thamani kamwe? La hasha. Gitaa jeusi la David Gilmour wa kundi la Pink Floyd, alilolinunua New York mwaka 1970, lilibadilishwa shingo na sumaku mara kadhaa. Hata hivyo, Juni 2019, lilinadiwa na Christie's kwa dola 3,975,000, na fedha zikaenda kwa ClientEarth, shirika la kutetea mazingira. Jina la mpigaji ndilo lililopandisha bei. Lakini mabadiliko yenyewe yalikuwa yakijulikana, wala hayakufichwa.

Basi, ewe unayetamani gitaa la mkono wa pili, uliza kwanza lilikotoka na lililofanyiwa. Bei iulize mwisho.