Usingizi Ukikukimbia, Mwili Nao Huumia



Je, ni usiku wa ngapi sasa unalala macho wazi mpaka jogoo anawika? Je, kichwa kinakuuma kila siku, na kipimo cha malaria kinasema huna malaria? Makala hii ni yako.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Katika mtaa ninaohudumia kuna mama mmoja mwenye watoto wanne. Kila nilipopita kwake alilalamika kichwa, tumbo na moyo kwenda mbio. Mara tatu nilimwandikia karatasi ya kwenda kupimwa, na mara tatu alirudi na vidonge vya maumivu tu. Kila nilipomtembelea nilimwuliza, "Mama, mnalala ndani ya chandarua?" Alijibu ndiyo, nami nikaweka alama kwenye daftari. Siku moja mtoto wake akaniambia, "Mama halali. Anakaa mlangoni mpaka asubuhi." Nilikuwa nimeuliza habari za chandarua miezi mingi, lakini sikuwahi kuuliza habari za usingizi.

Baadaye tulipokuwa Kigali kwenye mafunzo nilielewa nilichokosea.

SONONA NI NINI?

Sonona ni ugonjwa. Si uvivu, si laana, wala si upungufu wa imani. Mtu hukaa na huzuni au hukosa furaha ya kitu chochote kwa wiki mbili au zaidi. Hukosa usingizi au hulala kupita kiasi, hamu ya chakula hubadilika, mwili huchoka, na kazi za kila siku humshinda.

Wengine husema ugonjwa huu ni wa wazungu. Si kweli. Mwaka 1999 watafiti walikwenda Kanzenze, kusini mwa Kigali, sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Bugesera. Waliwauliza wanakijiji matatizo waliyoyaona tangu mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wanakijiji wenyewe walitaja agahinda gakabije, yaani huzuni kubwa kupita kiasi. Walieleza dalili zake: kujitenga, kutofurahia chochote, kushika tama. Watu wazima 368 walipohojiwa, asilimia 15.5 walikuwa na sonona. Kwa hiyo ugonjwa huu tunaujua, na una jina katika lugha zetu.

USINGIZI, MOYO NA MWILI VINAHUSIANA VIPI?

Sonona hufukuza usingizi. Lakini kukosa usingizi nako huleta sonona. Mwaka 2011 watafiti walichambua tafiti 21 na kuona kwamba watu wasio na sonona lakini wenye shida ya usingizi walikuwa na hatari ya kuipata karibu mara mbili kuliko wanaolala vizuri.

Mwili nao huumia. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2015, watu 164 wenye afya walipimwa usingizi wao kwa wiki moja, kisha wakawekewa virusi vya mafua puani. Waliolala chini ya saa sita walipata mafua kwa wingi zaidi kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Usingizi ni askari wa mwili. Askari akichoka, adui anaingia.

Tena, utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 52 na kutolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba msongo wa mawazo na sonona vilikuwa vya kawaida zaidi kwa watu waliopata shambulio la moyo. Na mwenye kisukari, presha au virusi vya UKIMWI akipata sonona, mara nyingi huacha dawa zake, na ugonjwa unazidi.

UNAWEZA KUFANYA NINI?

Najua nyumba zetu ni ndogo, na jirani akikohoa unamsikia. Lakini jaribu haya:

- Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala vibaya.
- Asubuhi toka nje upate jua, utembee kidogo.
- Mchana usilale zaidi ya nusu saa.
- Acha kahawa na chai kali baada ya saa nane mchana.
- Usinywe pombe ili ulale. Huleta usingizi mwepesi unaokatika usiku.
- Ukikosa usingizi, usigombane na kitanda. Inuka, kaa kimya, rudi ukisinzia.
- Usinunue vidonge vya usingizi dukani au kwa jirani. Vingine humfanya mtu ashindwe kuviacha.

Si kila anayekosa usingizi ana sonona. Pengine ni kunguni, kikohozi au maumivu. Ndiyo maana ni vizuri kupimwa.

Na je, sonona inatibika? Ndiyo. Huko Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watu wenye sonona walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari, walikuwa wenyeji waliofundishwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2003: mwishoni, asilimia 6.5 tu ya waliohudhuria walibaki na sonona, na kwa wasiohudhuria ilikuwa asilimia 54.7. Zipo pia dawa. Huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, na hazikatishwi bila ushauri wa mganga.

Mtu akisema anataka kufa, usimcheke wala usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Yule mama nilimsindikiza kwa muuguzi wa afya ya akili. Sasa yuko katika kikundi cha akina mama. Hajapona kabisa, na zipo siku ngumu. Lakini wiki iliyopita nilimkuta bado amelala saa moja asubuhi, mtoto akaniashiria ninyamaze.

Siku hizi, nikishauliza habari za chandarua, nauliza swali la pili. Nawe mwulize jirani yako leo: "Usiku ulilala?" Kisha umsikilize.