Siku Sauti Yetu Ilipoingia Darasani

Mwalimu alikuwa ametaka kila mtoto asome maneno kumi kwa sauti, yarekodiwe kwa simu na kutumwa katika kundi la darasa kabla ya adhuhuri. Kijana wetu, mwenye miaka sita wakati huo, alikwama neno la nne. Herufi b kwake ilikuwa d, na d ilikuwa b. Tulimsahihisha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Kisha tukapaza sauti: “Huna akili wewe? Jana si tulilisoma neno hili hili?” Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe cha kurekodi. Kilipoinuka, sauti yetu ilikuwa imekwenda kwa mwalimu na kwa wazazi wote wa Gredi ya Kwanza. Tulipotanabahi na kuifuta, wengi walikwisha kuisikia.

Kundi zima lilinyamaza. Baada ya nusu saa mama mmoja, tusiyejuana naye ila kwa salamu za langoni, alituandikia pembeni: “Poleni. Mwenzenu asubuhi hii nimempiga wangu kwa kandambili, kisha nikajifungia bafuni nikalia.”

Msomaji atakumbuka nyakati zenyewe. Shule za Kenya ziliamriwa kufungwa Jumapili tarehe 15 Machi 2020 kwa sababu ya korona, nasi hapa Mombasa tulidhani ni jambo la wiki chache. Mwezi Julai aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea. Baadaye watahiniwa na Gredi ya Nne waliitwa tarehe 12 Oktoba, lakini wadogo kama wetu walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Kwa jirani zetu wa Uganda, baadhi ya madarasa hayakufunguliwa mpaka Januari 2022.

Serikali ilipeleka masomo katika redio na televisheni, na anayestahiki shukrani ashukuriwe. Lakini redio haimngoji mtoto atafute penseli. Shule nyingi za kulipia zilichagua simu: kazi zinaletwa asubuhi, mzazi anazinakili au anakwenda kuzichapisha, mtoto anaandika, mzazi anapiga picha na kurudisha. Nyumba yenye watoto watatu na simu moja ilikuwa na foleni sebuleni, na mkubwa mwenye mtihani ndiye aliyetangulia. Mdogo alifikiwa jioni, amechoka, na bando limekwisha.

Na nyumba zenyewe zilikuwa katika hali gani? Kafyu ilianzia saa moja ya usiku. Kuingia na kutoka Mombasa kulizuiwa tangu tarehe 8 Aprili. Hoteli za pwani zilifungwa, na waliokuwa wakitegemea mishahara yake wakabaki nyumbani. Ramadhani ikatukuta misikiti imefungwa, na tarehe 6 Mei, tukiwa katikati ya funga, Mji wa Kale nao ukazingirwa, asiingie mtu wala asitoke. Mzazi aliyemkaripia mwanawe kwa herufi moja alikuwa amebeba kodi ya nyumba, unga, na mgonjwa asiyeweza kumzuru. Herufi b haikuwa na kosa lolote.

Tuseme na la ndani zaidi. Katika nyumba nyingi, yetu ikiwamo, mama alishika mwiko kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili, ilhali baba, aliyekuwa hana tena pa kwenda, alikaa akifuatilia habari. Hilo hatuwezi kulitupia korona. Lilikuwapo kabla yake. Korona ilituketisha tu chumba kimoja tukaliona.

Kilichotufungua macho kilitoka chuoni. Maalim wa madrasa naye alikuwa amefunga, akawa anawasikiliza watoto kwa simu: mtoto anasoma aya mbili au tatu, sauti inatumwa, Maalim anarudisha yake akimsahihisha matamshi. Kazi ile ilichukua dakika kumi, na kijana wetu aliikimbilia. Tulijiuliza kwa nini simu ile ile inamfanya alie asubuhi na kutabasamu alasiri. Tukaona kwamba Maalim hakutaka mengi kwa siku moja, na kwamba yeye ndiye aliyesahihisha, si sisi. Sisi tulibaki wazazi, tukisikiliza na kusema mashaallah. Asubuhi tulikuwa tumeuvaa ualimu ambao hatukuusomea, na tulipouvaa mtoto akakosa wa kumkimbilia akishindwa. Shuleni akikosea, hurudi nyumbani akapakatwa. Sasa aliyemkaripia na wa kumpakata walikuwa mtu mmoja.

Tulikuwa tukimsimulia habari za Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utotoni, akaeleza kwamba hakusikia kutoka kwake hata neno la kuchoshwa naye. Tulimsimulia usiku kabla ya kulala. Asubuhi yake tukamwita hana akili.

Tulimpigia mwalimu simu kumwomba radhi. Tulitarajia lawama, yeye akacheka kwa uchovu, akatuambia kwamba ana wawili wake nyumbani, na kazi zile zote huzisahihisha usiku wakilala, kwani simu ni hiyo moja. Tukakubaliana naye ukurasa mmoja kwa siku, asubuhi na mapema, usiozidi robo saa. Ukurasa ukamwangukia baba. Sauti ikianza kupanda, daftari lifungwe, hata kama neno halijakwisha. Siku za mwanzo lilifungwa mara nyingi, tukiri.

Hesabu tukazihamishia kwenye siniya ya futari. Tu watu saba, kila mmoja tende tatu: je, jumla ni ngapi, na zilizonunuliwa zikiwa ishirini na tano zitabaki ngapi? Zilizobaki zilikuwa zake yeye mhesabu, kwa hiyo hakukosea. Ile b ilinyooka yenyewe mwaka uliofuata, shuleni, bila ya sisi kuwapo.

Mlango wa shule ulifunguliwa, lakini kundi la darasa halikufungwa. Mafuriko yalipochelewesha muhula wa pili mwaka 2024, simu zilianza kulia tena usiku ule ule. Hata siku za kawaida kazi ya nyumbani huja kwa picha saa mbili za usiku, wakati mama anapakua chakula na mtoto anasinzia. Tunapotembeleana tunasikia sauti zile zile kutoka chumba cha pili, na mwenye nyumba anaona haya, anafunga mlango.

Juzi tulimwuliza kijana wetu anakumbuka nini katika mwaka ule. Alisema anakumbuka tende. Kisha akanyamaza kidogo, akatuuliza kama mwalimu wake bado anayo ile sauti katika simu yake.