Beri za Burbank: kutoka kichaka cha miiba hadi uani

Mwezi wa Agosti, kando ya reli na njia za baiskeli katika miji ya Kent na Tukwila, kusini ya Seattle, vichaka vya miiba hujaa matunda meusi ambayo hayana mwenyewe. Familia za Wakenya, Wakongo na Wasomali waliohamia huko huyachuma kwa ndoo, na watoto hurudi na midomo ya zambarau kama waliotoka kwenye mforosadi. Wengi huamini kwamba mmea huo ni wa asili ya hapo. Sivyo. Uliletwa, na aliyeuleta anajulikana.

Luther Burbank alikuwa mzalishaji wa mimea huko Santa Rosa, California. Ndiye aliyetoa kiazi ambacho uzao wake, Russet Burbank, hukaangwa chipsi Marekani nzima. Alipata mbegu za beri kutoka India, na mwaka 1885 akaanza kuuza mmea aliouita Himalaya Giant. Jina lilifaa biashara kuliko jiografia, maana asili yake ni Armenia na kaskazini mwa Iran. Ulizaa sana na haukuhitaji kubembelezwa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ufito mmoja hurefuka kupita mita 6. Ncha yake ikigusa ardhi huota mizizi na kuwa shina jipya, nao ndege hueneza mbegu popote wanapotua. Leo jimbo la Washington limeuweka kwenye orodha ya magugu hatari, na wapo wenye viwanja wanaokodi mbuzi waje kuutafuna. Mfugaji wa Dodoma angecheka kusikia mbuzi wanalipiwa ili wale.

Hata hivyo gugu hilo lina mjukuu mwenye heshima. Mwaka 1956 mtafiti George Waldo, aliyefanya kazi Corvallis, Oregon, alitoa beri iitwayo Marion, kwa jina la kaunti ilikofanyiwa majaribio. Wazazi wake ni Chehalem na Olallie, na mmoja wa wazazi wa Chehalem ni hiyohiyo Himalaya. Marion ndiyo beri ambayo watu wa Oregon hujivunia. Ni laini mno, haivumilii safari ndefu, kwa hiyo nyingi hugandishwa au kupikwa jamu, na dukani ni nadra kuikuta mbichi. Hiyo pekee ni sababu tosha ya kuipanda nyumbani.

Tatizo ni miiba, na Marion inayo. Mwenye watoto wadogo au ua mwembamba afadhali atafute aina zisizo na miiba. Chester na Triple Crown zinapatikana kwenye vitalu vingi. Navaho, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Arkansas mwaka 1988, husimama wima na haihitaji waya nyingi.

Kinachowakwaza wanaoanza ni kupogoa. Mizizi ya beri nyeusi huishi miaka mingi, lakini kila ufito una miaka 2 tu: mwaka wa kwanza huota na kurefuka, mwaka wa pili huchanua, huzaa, kisha hufa. Mgeni anayefyeka kila kitu mwishoni mwa vuli ili ua upendeze huwa ameyafyeka matunda ya mwaka unaofuata. Fito zinazokatwa ni zile zilizokwisha kuzaa, ambazo hukauka na kuwa kahawia. Fito changa hufungwa kwenye waya. Zipo aina za karibuni, zikianzia na Prime-Jim na Prime-Jan za mwaka 2004, ambazo huzaa kwenye ufito wa mwaka huohuo. Ukiwa na hizo unaweza kufyeka zote wakati wa baridi na bado ukala.

Kwa anayetaka kupanda bluberi pia, hiyo ni habari nyingine kabisa. Hutaka udongo wa tindikali kali, pH kati ya 4.5 na 5.5, na ukiipanda kwenye udongo wa kawaida majani hugeuka manjano hata ukimwaga samadi kiasi gani. Asiye na udongo huo aipande kwenye pipa.

Kuna pia inzi. Drosophila suzukii, mwenye asili ya Asia, alionekana California mwaka 2008 na mwaka uliofuata akafika Oregon na Washington. Inzi wengine wa matunda hufuata yaliyooza. Huyu hutoboa tunda linaloiva na kutaga humo, kisha vichaka vya Himalaya vilivyo jirani humpa maskani. Dawa ya nyumbani ni kuchuma kila baada ya siku 2 au 3 na kuyatia matunda kwenye friji mara moja. Usichume tunda la beri nyeusi linalong'aa, bado lina uchachu, na likishachumwa haliivi zaidi. Subiri weusi wake ufifie kidogo.

Wapo wanaotamani kupeleka miche nyumbani Afrika Mashariki. Beri nyingi za aina hizi huhitaji mamia ya saa za baridi ndipo zichanue vizuri, kwa hiyo Mombasa na Dar es Salaam hazifai. Nyanda za juu zina nafasi zaidi, na jamaa wa porini wa beri nyeusi huota kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Kilimanjaro. Lakini mche haupiti uwanja wa ndege ukiwa umefichwa kwenye sanduku. Kenya hutaka kibali cha KEPHIS, taasisi ya serikali inayosimamia afya ya mimea, kabla mche haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka.