Kibarua Kilikuwa Karatasi

Mtangazaji wa mpira akisema timu ngeni ina kibarua kigumu, hakuna msikilizaji anayewaza karatasi. Lakini neno lilianzia hapo. Chukua barua, itie ki- ya udogo, unapata kijikaratasi. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyechapisha mwaka 1870 kitabu chake kuhusu Kiswahili cha Unguja, alieleza kwamba waliofanya kazi kwa siku mjini pale waliitwa vibarua kwa kuwa kila mmoja alipewa cheti, naye akakirudisha wakati wa kupokea ujira.

Basi jina likatoka kwenye cheti likamwendea aliyekishika. Kutoka kwa mtu likahamia kwenye kazi anayoifanya, kazi ya kutwa isiyo na uhakika wa kesho. Baadaye hata mwenye mshahara wa mwezi na pensheni akaanza kusema anawahi kibaruani, na aliyefukuzwa akaambiwa kibarua chake kimeota nyasi. Mwisho likawa jina la jambo lolote zito linalomngoja mtu. Wanaisimu huita uhamaji wa namna hii metonimia: jina la kitu linavuka kwenda kwa kilicho jirani nacho. Kila hatua ni fupi, na aliyeipiga hakuona kwamba anabadilisha lugha. Ukizitazama zote kwa pamoja ndipo unashangaa karatasi imefikaje uwanja wa mpira.

Sarufi nayo imetunza kumbukumbu ya safari hiyo. Tunasema vibarua wamefika, kwa upatanisho wa watu, lakini kibarua kimeota nyasi, kwa upatanisho wa vitu. Mtoto wa miaka mitano hapotei hapo, ingawa hajawahi kusikia habari za cheti. Maana mpya haikuifukuza ya zamani. Zinaishi pamoja kwa vizazi, kila moja na sentensi zake, na huenda moja ikachoka kabla ya nyingine.

Siasa ni mfano wa maana iliyochoka. Kamusi za zamani zinatoa upole na uangalifu kama maana yake: kufanya jambo kwa siasa kulikuwa kulifanya taratibu, bila pupa. Kiarabu, lilikotoka, kina katika mzizi huohuo kutunza, kuongoza na kutawala, hata mtunza farasi ana jina la mzizi huo. Vyama na uchaguzi vikachukua upande wa kutawala, na upole ukafifia. Leo ukimwambia fundi afanye kazi kwa siasa, atadhani unamtuhumu. Acha siasa, tunasema, tukimaanisha acha maneno matupu.

Watu wachache sana wamelililia siasa, na hakuna aliyelililia kibarua. Malalamiko ya kwamba Kiswahili kinaharibika huzuka zaidi pale neno linapogusa heshima ya mtu au jinsi tunavyoitana. Ndugu ni ushahidi. Kwanza ni aliyezaliwa nawe, kisha jamaa yeyote wa ukoo. Nchini Kenya wengi wamelibana likawa kaka peke yake, hivyo utasikia “ndugu yangu na dada yangu”, sentensi inayomshangaza Mtanzania ambaye kwake dada naye ni ndugu. Tanzania ililipanua. Enzi za Ujamaa, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, ndugu likawa la kumtajia kila raia, kuanzia kiongozi wa nchi hadi mjumbe wa nyumba kumi. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, miaka iliyofuata ikaliinua neno mheshimiwa, na waliokulia kwenye undugu ule wakasikia mlango ukifungwa. Mimi nawaelewa. Waliona umbali kati ya kiongozi na raia ukirefushwa, na neno ndilo lililowapa habari mapema.

Shoga ndilo lenye uchungu zaidi. Kwa wanawake wa mwambao, shoga ni rafiki wa kike wa ndani, wa siri na shida. Kamusi za karne ya 19 zilikuwa tayari zimeandika pia maana ya pili, ya mwanamume anayelala na wanaume wenzake, zikiihusisha na miji fulani ya kaskazini. Maana hizo mbili zilikaa bila kugombana kwa sababu kila moja ilikuwa na watu wake. Redio, magazeti, mahubiri na majukwaa vikaisambaza ya pili kila mahali, mara nyingi kama tusi. Tusi hilo linawaumiza wanaotupiwa. Wanawake nao wamenyang'anywa jina la mapenzi yao: vijana wa mjini sasa husema shosti au besti, na bibi anayemwita mwenziwe shoga mbele ya wajukuu husikia vicheko.

Hapa ndipo watunga kamusi wanapotakiwa kuwa waangalifu. Kuandika maana inayotumika leo ni wajibu wao, lakini ile ya rafiki wa kike isiachwe kama kijalizo cha nusu mstari. Iandikwe pamoja na mifano ya sentensi, miji ilikotumika na namna wanawake walivyoitana. Nyimbo nyingi za taarabu zina neno hilo, na msomaji wa miaka hamsini ijayo atakayekuta kamusi yenye maana moja atazisoma zote vibaya.