Maua na Mboga Katika Bustani Moja

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina, baada ya ziwa Baikal la nchi ya Urusi. Ni ajabu basi kuona kwamba, tangu Uvira mpaka Moba, kiangazi kikifika, bustani nyingi hukauka zikiwa hatua mia mbili tu kutoka maji hayo. Sababu si ngumu kuijua. Maji ya ziwa hayapandi yenyewe mpaka bustanini; lazima mtu ayachukue. Na mtu huyo, mara nyingi, ni mama wa nyumba au binti yake.

Tuhesabu kidogo, kama tufanyavyo shuleni. Kitalu chenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 1 kina eneo la mita za mraba 5. Wakati wa jua kali mboga zahitaji kiasi cha lita 4 kwa kila mita ya mraba kila siku. Ndizo lita 20, yaani bidoni moja. Mwenye vitalu vitatu atahitaji bidoni 90 kwa mwezi. Binti akizibeba asubuhi, kengele ya shule itamkuta njiani, na mwezi wa Juni ndio mwezi wa kujiandaa kwa mitihani. Bustani inayonyweshwa kwa masomo ya mtoto ni ghali mno, hata nyanya zake zikiwa nono namna gani. Kwa hiyo yatupasa kulima kwa akili, ili maji machache yafanye kazi nyingi.

Katika jambo hilo maua ni wasaidizi wetu. Wengine watacheka na kuuliza: «Maua hayaliwi; kwa nini tuyape maji yaliyobebwa kwa taabu?» Swali hilo ni la haki. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi katika karne ya 13, asimulia kwamba Fransisko alimwagiza ndugu mtunza bustani asijaze mboga kila mahali, bali aache sehemu kwa ajili ya maua, ili watu wakiyaona wamsifu Muumba. Papa Fransisko alitukumbusha habari hiyo mwaka 2015 katika waraka wake Laudato si'. Lakini zaidi ya kupendeza macho, maua yana kazi yake katika bustani ya mboga.

Kazi ya maua

Udongo wa kando ya ziwa mara nyingi ni wa mchanga, na katika udongo wa namna hiyo hustawi minyoo wadogo sana, wasioonekana kwa macho. Wao huingia katika mizizi ya nyanya na kuifanya ivimbe vinundu vinundu. Mzizi wenye vinundu haunywi vizuri. Mama humwagilia asubuhi na jioni, na mche wanyauka vilevile. Taabu yake yote imepotea bure. Basi, liko ua liitwalo tageti, lenye rangi ya manjano au ya machungwa na harufu kali. Mizizi yake hutoa dawa inayowadhuru minyoo hao. Lakini kupanda mashina mawili matatu pembeni hakutoshi. Sharti tageti ijaze kitalu kizima kwa muda wa miezi miwili, kabla ya kupanda nyanya.

Hapo kalenda ya Kanisa na kalenda ya mkulima zapatana vizuri. Tageti ikipandwa mwezi wa Machi hukua kwa maji ya mvua, bila bidoni hata moja. Mwezi wa Mei, tunapomheshimu Bikira Maria, maua yake huchumwa kwa ajili ya altare. Mwezi ukiisha, mashina hukatwakatwa na kufukiwa, na miche ya nyanya iliyooteshwa mahali pengine huhamishiwa katika kitalu hicho kilichosafishwa.

Ukingoni tuache mstari mmoja wa zinia, ua livumilialo ukavu, ili kuwaita nyuki. Boga lina maua ya kiume na maua ya kike yaliyo mbalimbali. Nyuki asipopeleka chavua, kiboga huoza kingali kidogo. Tena wako inzi wenye mistari kama nyigu, wanaokunywa utamu wa maua, na watoto wao hula vidukari vinavyonyonya mboga.

Iko pia mimea iliyo ua na mboga kwa pamoja, kama bamia na ngaingai. Ngaingai ipandwe upande wa ziwa, ipunguze nguvu ya upepo wa kusini-mashariki, ambao wakati wa kiangazi hukausha majani. Maua yapendayo maji mengi tuyangojee majira ya mvua.

Namna ya kutunza maji

Kwanza, kitalu cha kiangazi kisiinuliwe, bali kichimbwe kiwe chini kidogo kuliko njia, ili maji yasikimbie.

Pili, mchanga uchanganywe na samadi au majani yaliyooza, kwa maana mchanga mtupu haushiki maji.

Tatu, udongo ufunikwe kwa nyasi kavu, na kumwagilia kufanywe jioni au alfajiri.

Nne, kati ya mashina ya nyanya kifukiwe chungu cha udongo kisichong'arishwa, shingo ikibaki juu. Kijazwe maji na kufunikwa. Maji hupenya polepole na kufika penye mizizi. Wakulima wa China waliijua njia hii zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Haba na haba hujaza kibaba.

Tano, maji ya ziwa yamwagwe chini ya shina, si juu ya majani. Kipindupindu kimeisumbua miji ya Uvira na Kalemie kwa miaka mingi. Mboga zipikwe, na zile zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa.

Kwa wazazi na wanafunzi

Enyi akina baba, msiseme kwamba maji ni kazi ya wanawake. Mvulana ana kichwa na mabega kama dada yake. Wagawieni bidoni kwa haki, na zichukuliwe baada ya masomo. Nanyi wanafunzi, anzeni na kitalu kimoja tu. Kikistawi, ongezeni cha pili. Hivyo mtakuwa na mboga mezani na maua altareni, na kila mtoto wa nyumba, mvulana kwa msichana, atafika shuleni kabla ya kengele.