Silikoni Haizibi Kila Mahali

Kwenye vibanda vya mafundi wa pikipiki kuanzia Suneka hadi Nyansiongo hutakosa mrija wa silikoni, mwekundu au wa kijivu, umebinywa katikati na kuzibwa mdomo kwa msumari. Injini ikishafunguliwa, mrija huo hushikwa mapema. Mwenye bodaboda naye husimama pembeni akihimiza: "Fundi, paka ya kutosha, isivuje tena." Ombi hilo linaweza kuua injini iliyokuwa na miaka mingi mbele yake.

Tangu Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008, pikipiki zimekuwa miguu ya milima hii ya Kisii na Nyamira. Zinabeba ndizi, majani ya chai, wagonjwa na wanafunzi, na injini zake hufunguliwa na kufungwa tena mara nyingi kuliko waundaji wake walivyokusudia. Kila zinapofungwa, fundi anakutana na swali la gasketi. Jibu lake hubadilika kutoka kiungo hadi kiungo, kwa sababu kila kiungo kina adui wake.

Adui mkali kuliko wote yuko kati ya hedi na silinda. Kwenye injini ya cc 150 yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 56, petroli inapowaka shinikizo linaweza kufika mara 50 ya lile la hewa tunayovuta. Ukipiga hesabu, hedi inasukumwa juu kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, msukumo huo unajirudia mara 3,000, huku gesi ndani ikipita nyuzijoto 2,000. Ndiyo maana gasketi ya hedi hutengenezwa kwa chuma, au kwa nyuzi ngumu na grafaiti zilizozungushiwa pete ya chuma. Silikoni bora ya injini huanza kuharibika karibu na nyuzijoto 300. Ukiipaka hapa itaungua na kuacha upenyo. Gasketi ya hedi huwekwa kavu, kwenye nyuso safi, na iliyokwisha kukazwa mara moja hairudishwi, kwa sababu imeshaminywa ikachukua umbo la nyuso zilizoibana.

Chini ya silinda shinikizo si kubwa, na hapo ndipo fundi hujiona huru kukata gasketi kwa boksi la katoni, akigonga kingo kwa nyundo hadi mashimo yajichore. Mikono inayofanya kazi hiyo ina ustadi mkubwa. Tatizo ni katoni yenyewe: inafyonza oili na maji, inalainika, nati zinalegea. Karatasi halisi ya gasketi ina nyuzi zilizoshikanishwa kwa mpira usioyeyuka kwenye oili, na huuzwa kwa shiti, kwa hiyo ustadi uleule wa nyundo unaweza kuitumia.

Kuna jambo kubwa zaidi hapo chini, nalo ni unene. Gasketi hii ndiyo inayoamua silinda ikae juu kiasi gani, na kwa hiyo mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe kiasi gani. Tuseme injini yetu ya cc 150 inabana kwa uwiano wa 9.5 kwa 1. Ongeza nusu milimita tu ya katoni, uwiano unashuka hadi karibu 8.9. Pwani huenda dereva asitambue. Lakini mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Nyamira zinapita 2,000. Katika kimo cha Kisii shinikizo la hewa limeshapungua kwa karibu moja ya tano, na injini imepoteza nguvu kabla hata ya kubeba abiria. Kuipunguzia mgandamizo tena kwa kipande cha katoni, halafu kuitaka ipande na magunia mawili ya viazi, ni kuionea. Pima gasketi ya zamani, hata kama imechanika, na ununue au ukate ya unene ule ule.

Silikoni ina mahali pake: kwenye baadhi ya makava na pembe ambako kitabu cha pikipiki kinaitaja. Huganda kwa kunyonya unyevu wa hewa, na inayonuka siki inatoa asidi inayoweza kutafuna metali, kwa hiyo tafuta isiyo na harufu hiyo. Paka uzi mwembamba, uipe muda iliopangiwa kwenye mrija, mara nyingi saa 24, kabla ya kuwasha. Ukipaka nene, nusu yake inaminyika kwenda ndani ya injini, inaganda huko, kisha inakatika na kuishia kwenye chujio la oili au kwenye tundu jembamba linalopandisha oili kwenye hedi. Pikipiki ya Boxer 150, kwa mfano, ina kemshafti yake huko juu. Oili isipofika, kemshafti inasagika, na dereva hasikii chochote hadi injini ianze kugonga.

Kwa nusu mbili za kesi ya injini, zinazokutana metali kwa metali, kuna dawa ya tabia tofauti. Mwaka 1953 Vernon Krieble, profesa wa kemia katika chuo cha Trinity huko Connecticut, Marekani, alitengeneza gundi inayoganda ikibanwa kati ya metali na kunyimwa hewa. Inayominyika ndani hubaki majimaji na kuoshwa na oili. Bei yake iko juu kuliko ya silikoni, na ningeilipa.

Kabureta isiguswe na silikoni kabisa, kwani petroli huivimbisha ikang'oka vipande. Hapo ni gasketi yake na oringi za mpira unaostahimili petroli. Ekzosi inataka pete yake ya metali au grafaiti.

Hata gasketi nzuri haiokoi uso uliopinda. Usikwangue alumini kwa bisibisi. Kipande cha mbao ngumu kinatosha. Laza msasa laini juu ya kioo kinene cha dirisha, usugue hedi taratibu kwa mizunguko: pasipong'aa ndipo pana bonde. Angalia pia mapezi ya silinda, maana udongo mwekundu wa barabara za chai ukikauka katikati yake huzuia joto kutoka, na hedi hupinda.

Kukaza ni kwa mkingamo na kwa hatua. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo injini ikipata moto nati hubana zaidi zenyewe. Aliyekaza kupita kiasi ikiwa baridi huponda gasketi au hung'oa nyuzi za bolti. Asiye na spana ya kipimo atumie mizani ya kuning'iniza, kama ile inayopimia majani mabichi ya chai vituoni. Ifunge kwenye spana sentimita 20 kutoka katikati ya nati na uvute kwa pembe ya mraba: ikisoma kilo 12, umefika karibu niutoni-mita 24. Kitabu cha pikipiki ndicho kinachosema kiwango chako.

Injini ikishafungwa na kutembea kilomita 500, mwaga oili na ufungue chujio. Ukikuta nyuzi za silikoni, kava lifunguliwe na matundu ya oili yasafishwe kabla pikipiki haijabeba abiria mwingine.