Nguva si Samaki

Amwonaye nguva kwa mara ya kwanza huona mkia na mapezi, akasema huyu ni samaki. Lakini elimu ya uainishaji wa wanyama haihukumu kwa umbo la nje. Mwaka 1758 Carl Linnaeus aliwatoa nyangumi katika kundi la samaki, akawaweka katika ngeli ya mamalia, yaani wanyama wanyonyeshao. Nguva yumo humo pia. Hupumua kwa mapafu; mkia wake hupiga juu na chini, hali ule wa samaki hupiga kando kwa kando; na ndani ya pezi lake imo mifupa ya mkono, vidole vitano kamili.

La ajabu zaidi ni ukoo wake. Chuchu zake mbili zi karibu na makwapa, kama za tembo. Tena zile ziitwazo pembe za tembo ni meno ya mbele yaliyorefuka, na nguva dume anayo ya namna hiyo. Jamaa yao mwingine ni pimbi, ambaye wengi humdhani panya! Uchunguzi wa chembe za urithi umeuthibitisha ujamaa huo.

Kumhesabu nguva kuwa samaki kuna hasara. Samaki wengi hutaga mayai kwa maelfu. Nguva huchukua mimba zaidi ya mwaka mmoja, akazaa mtoto mmoja, na huweza kupita miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena. Akinaswa katika jarife asiweze kupanda kuvuta pumzi, hufa maji kwa dakika chache. Nchini Tanzania wamebaki wachache, hasa baina ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa.